Visu vya Uani

Kilifi, 12 Januari 2024

Mama yangu mpenzi Bi Mwanasiti,

Shikamoo. Natumai u mzima na goti limepoa. Mimi sijambo. Hotipoti ya chakula imefika salama kwa mkono wa Kenga wa matatu, na kama ada yetu barua yako nimeikuta chini ya kifuniko, inanukia bizari. Nimemsomea Janet, mwenzangu wa chumbani. Akaniuliza kwani mamangu hana simu. Nikamwambia anayo, ila ni ya wateja, na maneno ya mwanawe huyaandika kwa sababu ya simuni hupeperuka.

Sasa nina jambo, mama. Huu ndio mwaka wangu wa mwisho wa Usimamizi wa Biashara na Ujasiriamali. Kila mwanafunzi sharti achukue biashara moja ya kweli, aitazame ndani na nje, aiandikie mpango, mpango ufuatwe miezi minne, kisha aeleze kilichotokea na kukitetea mbele ya walimu. Bila mradi huo hakuna joho. Wenzangu wote wamekimbilia mahoteli ya Watamu. Mimi nimemwambia msimamizi wangu, Daktari Gona, kwamba biashara yangu ni ya Bi Mwanasiti wa mtaa wa Barani, Malindi, mpishi wa arusi. Akaniuliza ana wafanyakazi wangapi. Nikamwambia nitakuuliza.

Unao wangapi, mama? Siku za kuchambua mchele nimehesabu uani kwetu hata wanawake ishirini na zaidi, na hakuna hata mmoja uliyemwajiri. Wanakuja na visu vyao vimefungwa pembeni mwa leso, wanamenya, wanachambua, wanaimba, wanaondoka na sinia zao za pilau. Na wao wakipata arusi au msiba, wewe unawapikia bure. Mwaka jana ulipika bure mara kumi na moja, nimehesabu. Vitabuni kwetu hiyo haiitwi biashara. Niruhusu niipange.

Mwanao,
Lubna

Malindi, 18 Januari 2024

Mwanangu Lubna,

Marahaba, na baada ya salamu nyingi. Goti halijapoa, lakini tumezoeana.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya tatu nilimsomea Kanze, alipokuja kuchambua mchele. Ya nne nilimpa mwenye duka anisomee kwa sauti, nikijifanya nimesahau miwani na maneno siyaoni vizuri, ili watu wasikie vyema hilo la Daktari kuniulizia. Sasa Barani nzima inajua kwamba jiko langu linasomwa chuo kikuu. Wanasema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Wangu atasana na kuvukuta, inshallah.

Mwambie Daktari wako sina wafanyakazi. Nina watu. Kama kitabu chake hakina mahali pa kuandika hivyo, aandike sifuri.

Lakini panga, mwanangu. Mimi niliishia darasa la saba, nikaolewa. Kwetu hakuna aliyewahi kuvaa joho, si upande wangu wala upande wa marehemu babako Faiz. Utakaloandika nitalifuata neno kwa neno, hata kama sijalielewa. Kanze anakusalimu, anasema usisome mpaka ukakonda.

Mamako,
Mwanasiti

Kilifi, 2 Februari 2024

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mpango umekubaliwa na Daktari Gona. Nimeuandika kurasa kumi na nane, lakini wewe nakupa kiini chake.

Ununue daftari kubwa la kuwekea siku za watu. Asiyetanguliza amana haandikwi. Unakumbuka mwaka juzi ulipokubali arusi mbili Jumamosi moja, ukalia jikoni ukisema ni moshi? Hilo lisirudi tena. Pili, andika orodha ya bei uitundike mlangoni, na bei iwe moja kwa wote, jamaa na wasio jamaa. Atakayetaka kupikiwa aione kabla hajafungua mdomo.

Na sasa hili la wanawake, ambalo kwangu ndilo kubwa. Chagua kumi na wawili tu. Waingie saa mbili asubuhi, watoke saa kumi na moja jioni, na kila mmoja umpe shilingi mia tano ndani ya bahasha yenye jina lake. Sinia zisahau, zinakula faida. Mama, nilipokuwa nasoma sura ya haki za wafanyakazi niliona haya. Miaka yote hii shangazi zangu wametutumikia bila ujira, nasi tumeona sawa. Nataka mtu wa kwanza kupokea bahasha awe Mama Kanze.

Mwanao mwenye haraka ya kuona,
Lubna

Malindi, 15 Februari 2024

Mwanangu,

Marahaba. Arusi ya kwanza ya mpango wako imepita. Daftari ni dawa, wallahi. Alikuja mama mmoja wa Shela kutaka siku iliyokwisha chukuliwa, akaanza kunitajia udugu. Nikamfungulia ukurasa kama hakimu, nikamwonyesha kwa kidole. Akasoma, akachagua Jumamosi nyingine. Sikusema neno hata moja, na sikulia moshi.

Orodha ya bei Kenga ameniandikia ubaoni kwa rangi nyekundu. Iko mlangoni, inaonekana toka njiani.

Bahasha niliwapa kazi ilipokwisha, nikianza na Kanze kama ulivyotaka. Walizipokea kwa mikono miwili wakanyamaza. Hata Kanze, ambaye hanyamazi akiwa na mdomo umejaa maji. Nikajiambia, kumbe hii ndiyo heshima ya bahasha. Wakaaga mmoja mmoja. Hakuna aliyeimba, labda walichoka. Pilau ilibaki nyingi, maana sinia hazikutoka, nikaipeleka madrasa.

Mamako,
Mwanasiti

Malindi, 25 Aprili 2024

Mwanangu Lubna,

Marahaba, na Idi njema tena. Tangu Idi nimepika arusi tatu. Mpango unakwenda vizuri. Wanawake wanafika saa mbili, wanaondoka saa kumi na moja, na kazi inakuwa imekwisha. Wamefurahi. Kila mtu amefurahi. Andika hivyo.

Mamako,
Mwanasiti

Kilifi, 3 Mei 2024

Mama mpenzi,

Shikamoo. Nina habari ya kukutoa machozi ya furaha. Mradi wetu umechaguliwa miongoni mwa mitano itakayoonyeshwa kwa wageni wa chuo mwezi wa Juni, baada ya kuutetea. Daktari Gona amesoma sura ya bahasha mbele ya darasa zima. Amesema ni mara ya kwanza kuona mwanafunzi akiwapa ujira wanawake ambao hawajawahi kuhesabiwa. Nilikaa pale nimeinamisha kichwa kama bibi arusi, lakini moyoni nilikuwa napiga vigelegele.

Ila mama, nina maswali mawili madogo. Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi, umeniandikia kama karani. Na juzi kwenye pilau uliyonitumia niliuma jiwe. Jiwe, mama, katika mchele wako. Janet alicheka, mimi sikucheka, kwa kuwa miaka ishirini na mitatu nimekula mkononi mwako na sijawahi. Nikakupigia simu mara nne hukupokea. Kuna nini?

Mwanao,
Lubna

Malindi, 9 Mei 2024

Mwanangu,

Marahaba. Hakuna kitu. Mchele wa siku hizi hauna adabu, unakuja na mawe yake. Na simu ilianguka majini, sasa inaita lakini haisikii.

Kuhusu wageni wa chuo, nimeshona buibui jipya. Nimemwambia kila mtu. Hata imamu anajua.

Mamako,
Mwanasiti

Barani, 20 Mei 2024

Kwa mwanangu Lubna,

Hujambo. Ni mimi Mama Kanze. Barua hii nimempa Kenga akutie mkononi, isipite kwenye hotipoti, maana mamako hajui kuwa naandika, na akijua tutakosana zaidi ya tulivyokosana. Mulungu anisamehe, lakini njia ya mwongo ni fupi na mimi sitaki uifikie mwisho wake mbele ya walimu wako.

Simu ya mamako ni nzima. Anaogopa tu kwamba sauti yake utaijua.

Mpango wako ulikufa siku ile ile ya bahasha. Mimi nilikaa na yangu mkononi njia nzima mpaka nyumbani nikijiuliza nimefanya kosa gani. Miaka kumi na tisa nimeingia ua ule kwa kisu changu. Sijawahi kuambiwa saa ya kuingia wala ya kutoka. Siku ile nikapewa mia tano na jina langu limeandikwa juu, kama mtu anayeambiwa haya, tumemalizana, nenda. Na sinia hakuna. Wajukuu wangu waliniuliza sinia iko wapi.

Arusi iliyofuata tulikwenda wanane kati ya wale kumi na wawili. Hatukubeba visu. Tukamuuliza mamako, "Visu vya kazi viko wapi?" Akaenda kununua dukani. Ilipofika saa kumi na moja mchele ulikuwa nusu, tukanawa mikono tukaondoka, kwani ndivyo ilivyoandikwa. Iliyofuata hakuenda mtu. Tangu hapo mamako anachambua peke yake, na macho yake unayajua.

Halafu likatokea langu. Binti yangu Cynthia anaolewa mwezi wa Agosti. Nilikwenda kwa mamako, nikasimama mlangoni chini ya ule ubao mwekundu, nikamuuliza, "Mwanasiti, mimi utanitoza shilingi ngapi?" Akaingia ndani akafunga mlango. Nimeweka mpishi mwingine, wa Mombasa.

Babako alipofariki ulikuwa na miaka minne. Hakuna aliyetuita. Tulifika na visu vyetu kabla maiti haijatoka hospitali, tukapika siku zote za matanga, na wewe ulikuwa ukilala mgongoni kwangu. Hesabu hiyo umeiandika ukurasa wa ngapi?

Sikuandikii kwa hasira, au niseme hasira ipo lakini imezidiwa. Mia tano yangu bado imo bahashani, sijaifungua.

Mamako mwingine,
Kanze wa Mwaringa

Kilifi, 22 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Mama Kanze ameniandikia. Ni kweli?

Lubna

Malindi, 23 Mei 2024

Mwanangu,

Marahaba. Ni kweli, yote, na kama amesahau kitu ni kwa kunisitiri.

Usiniulize kwa nini nilikuficha, maana unajua. Ningekuambia mpango umeanguka, nawe ungeanguka nao. Bila mradi hakuna joho, ulisema mwenyewe. Nikajiambia, macho yangu yamechambua mchele miaka thelathini, yatachambua miezi miwili mingine mpaka umalize. Nikashindwa, ukauma jiwe. Siku niliyosoma kuhusu jiwe lile nililia, na hapakuwa na moshi.

Lakini kosa si lako peke yako. Wewe ulikuwa na kitabu tu. Mimi nilikuwa na watu, nikawaona wamenyamaza, nikakataa kujua kimya kile ni cha nini kwa kuwa nilikuwa nimelewa sifa. Mama wa msomi! Nimetembea na neno hilo mtaani kama mtu aliyevaa saa mpya.

Sasa nisikilize. Utetee mradi kama ulivyoandikwa. Walimu wako hawachambui mchele Barani, hawatajua. Chukua joho lako kwanza, ya mtaani nitayatengeneza mwenyewe polepole. Nakuamuru kama mamako, usiseme.

Mwanasiti

Kilifi, 8 Juni 2024

Mama yangu,

Shikamoo, na unisamehe. Sijawahi kukukaidi, na nimekukaidi mbele ya watu saba.

Jana niliingia na karatasi zangu. Mezani alikuwepo Daktari Gona na wenzake, na Profesa Njoroge aliyetoka chuo kingine kuja kutupima. Daktari alikuwa ananitazama kwa furaha, kama mtu anayengoja wimbo anaoujua. Nikafungua sura ya bahasha, nikawaambia kwamba niliyoandika hapa si kweli. Nikawaeleza habari za jiwe, na visu, na swali la Mama Kanze mlangoni. Barua zako mbili za mwisho sikuwaonyesha, hizo ni zetu.

Uso wa Daktari Gona sikuweza kuutazama. Profesa Njoroge ndiye aliyeuliza. Alisema haelewi: hawa wanawake walikuwa hawalipwi, mkawalipa, wakakasirika. Wanakasirikia pesa? Nilitafuta jibu la vitabuni sikuliona. Likaja la kwetu. Nikamjibu, "Bahasha ile iliwaambia tumemalizana. Na wao hawakutaka kumalizana nasi." Akaandika.

Uamuzi ni huu. Nimeondolewa katika maonyesho. Mradi nimetakiwa kuufanya upya kabla ya Septemba, na nisipofaulu safari hii nitarudia mwaka. Buibui ulilolishona lisubiri, mama. Najua umemwambia hata imamu.

Nilitoka nikakaa ngazini. Nilitegemea kulia, sikulia. Nilijiona mrefu, mama, sijui nikuelezeje. Nimeogopa kitu kimoja tu, kwamba nimekuaibisha.

Nimepata mafunzo ya kazi Watamu, katika hoteli, mpaka mwisho wa Agosti, na Jumamosi hawatoi ruhusa. Arusi ya Cynthia sitaiwahi. Mama Kanze nimemwandikia nikamwomba radhi. Hajajibu.

Mwanao,
Lubna

Malindi, 12 Agosti 2024

Mwanangu Lubna,

Marahaba, marahaba, marahaba.

Kwanza nikujibu la Juni, maana nimekaa na barua ile miezi miwili chini ya mto wangu, kila nikilala nasikia karatasi inalia. Hukuniaibisha. Nilikukasirikia siku mbili, ya tatu nikaamka najisikia kama niliyetuliwa mzigo kichwani. Nilikuambia useme uongo nawe ukasema kweli. Sasa niambie nani kamlea mwenzake.

Ubao mwekundu niliung'oa. Bei nimeziandika ndani ya daftari, kwa ajili ya mahoteli na wageni, wanaotaka kujua bei kabla ya kujua mpishi. Daftari silitupi. Hilo lako ni la haki, na yeyote atakayelisema vibaya atanikuta.

Lakini la Kanze halikuwa la kung'oa msumari. Nilifikiri nimpelekee zawadi, nikaona nitakuwa nimempelekea bahasha nyingine. Nilifikiri nitume watu wazima waniombee, nikaona haya. Basi Ijumaa asubuhi, watu wakiandaa arusi ya Cynthia, nikakifunga kisu changu pembeni mwa leso, nikavaa kanga ya kazi, nikaenda kwake kwa miguu. Ua ulikuwa umejaa. Wote walikuwepo, wale kumi na wawili na wale niliowaacha. Nikatoa salamu, wachache wakaitika. Mpishi wa Mombasa amesimama kwenye sufuria kubwa na mwiko wake. Nikatafuta nafasi kwenye mkeka, nikaketi penye vitunguu, nikaanza kumenya.

Miaka thelathini sijamenya kitunguu katika shughuli ya mtu, Lubna. Huamrisha tu. Goti lilinisema.

Kanze akaja akasimama mbele yangu, mikono kiunoni. Akaniambia, "Na wewe nikuandikie bahasha?"

Nikamwambia, "Sitaki bahasha. Nataka sinia."

Aliishusha mikono yake. Kisha akavuta kibao chake, akaketi ubavuni kwangu, akachukua kitunguu. Baadaye kidogo akaniambia nakata vinene, nikamwambia macho yangu hayaoni, akasema yalikuwa hayaoni tangu Februari. Wanawake wakacheka, na mmoja akaanzisha wimbo.

Pilau ya yule mpishi ilikuwa na chumvi nyingi. Niliona kwa macho akitia mara ya pili, na sikusema. Mtihani wako wa chuo haukuwa mgumu kama ule. Sinia yangu nimepewa, nikaibeba kichwani mchana kweupe mtaa mzima waone, na pilau ile ya chumvi nimeila mpaka punje ya mwisho nikinywa maji.

Sijui kama yamekwisha. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mimi ndiyo kwanza nimetoa kimoja. Andika mradi wako, uandike na chumvi.

Mamako,
Mwanasiti

Kilifi, 20 Septemba 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimefaulu. Kaa chini uisome tena. Nimefaulu, alama sabini na nne.

Niliandika yote, na chumvi. Daftari lipo, na bei za mahoteli zipo. Zile mara kumi na moja ulizopika bure hapo kwanza niliziweka upande wa hasara. Safari hii nimezitafutia upande mwingine, na kwa kuwa vitabu havikuwa na jina nimeweka lako: "Nina watu." Daktari Gona alisoma mpaka mwisho, akaniambia ule wa kwanza aliusifu kwa sababu ulimwambia alichotaka kusikia, na huu hakuutarajia. Profesa Njoroge ameomba nakala.

Mahafali ni Ijumaa tarehe kumi na tano Novemba. Njoo na buibui lako. Lakini mama, nakuomba tusifanye karamu nyumbani. Mama Kanze bado hajanijibu barua yangu. Ukipika, nani atachambua? Sitaki usimame peke yako mbele ya sufuria siku ya fahari yetu. Tutakula samaki hapa Kilifi, mimi na wewe, na itatosha.

Mwanao msomi (sasa naweza kuandika),
Lubna

Malindi, 14 Novemba 2024

Mwanangu Lubna, msomi wangu,

Marahaba. Najua uliniomba nisifanye karamu. Ulinikaidi Juni, nami nimekukaidi Novemba, tuko sawa.

Leo asubuhi nilimwaga mchele kilo arubaini kwenye mikeka uani. Sikumwalika mtu. Sikutuma ujumbe wala sikupiga simu. Nilifungua mlango wa nje nikauacha wazi, nikaketi na ungo wangu. Niliazimia kwamba asipofika mtu nitachambua mwenyewe, hata kesho ukienda kupewa shahada yako mamako awe na macho mekundu, watu watadhani ni furaha.

Nilichambua ungo mmoja. Wa pili. Nilikuwa nimeshika wa tatu nikasikia viatu mlangoni. Kanze. Leso kiunoni, na pembeni mwa leso fundo. Akasimama akautazama mchele, akaniambia, "Mwanangu anavaa joho kesho, na mimi nasikia kwa Kenga?" Akaketi. Akavuta ungo.

Baada yake wakaanza kuingia, wawili, watatu, mpaka mikeka haikutosha nikatandika na mapazia. Mchele hauhitaji kisu, wewe unajua, lakini kila mmoja alikuja nacho kwa ajili ya vitunguu vya Jumamosi. Walifungua mafundo wakaviweka kwenye kizingiti cha jiko, kimoja kimoja, ili vilale hapa mpaka Jumamosi, wasivisahau. Nikavihesabu. Ishirini na tatu, Lubna, sawa na miaka yako. Nilipomaliza kuhesabu nikaanza tena, maana mara ya kwanza macho yalikuwa hayaoni vizuri. Daktari wako akiuliza tena nina wafanyakazi wangapi, bado ni sifuri. Kesho Kenga anawaleta wote Kilifi, kwa zamu mbili. Ziba masikio, vigelegele vitafika Mombasa.

Kanze anasema barua yako aliipokea siku ile ile. Hakujibu kwa sababu ulimwomba radhi, na yeye hakuwa anataka radhi, alikuwa anataka uje. Bahasha yake ameirudisha leo, haijafunguliwa, jina lake bado limo juu. Tumekubaliana, yeye na mimi, iwe alamisho ya daftari lako. Inashika ukurasa wa Jumamosi hii, ambao juu yake nimeandika kwa mkono wangu: Karamu ya Lubna. Mahali pa amana nimepaacha wazi.

Sasa fungua hotipoti mpaka chini. Chini ya mahamri kuna kitambaa, na ndani ya kitambaa kuna kisu. Ni kile cha mpini wa mpingo nilichopewa na mama yangu. Jumamosi saa mbili asubuhi nafasi yako iko penye vitunguu, katikati yangu na Kanze. Joho nitalipiga pasi mimi. Kisu ukinoe mwenyewe.

Mamako,
Mwanasiti